"Round off": kitenzi cha kutia tamati inayoridhisha

Lugha ya Kiingereza ina vitenzi vingi vinavyohusu kumaliza jambo, lakini ni vichache vinavyobeba ndani yake habari ya kwamba jambo hilo limemalizika vizuri. Kimojawapo ni "round off". Makala haya yanaeleza maana ya kitenzi hicho, asili yake, sarufi yake na matamshi yake. Aidha yanavitaja vitenzi vinavyofanana nacho, ambavyo vikitumiwa mahali pasipo pake humfanya msemaji aeleweke kinyume cha alichokusudia.

Jambo hili si la darasani tu. Mswahili aliyeajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee nchini Uingereza huandika ripoti kila mwisho wa zamu. Tuseme amemwogesha mgonjwa, amemvisha na kumlisha, na sasa anataka kueleza kwamba kazi yote kwa mgonjwa huyo imekamilika. Akiandika "I finished off the patient in room 4", mkuu wake wa zamu atashtuka, kwa sababu sentensi hiyo yaweza kusomeka kwamba mgonjwa wa chumba nambari 4 ameuawa. Kijineno kimoja, "off", kimeigeuza maana yote. Kijineno hicho hicho kikifuatana na "round" huleta maana ya utulivu na ukamilifu. Kwa hiyo inafaa kujua ni kipi kinachotenganisha maneno haya.

Maana ya msingi

"To round off" ni kulikamilisha jambo kwa kulitilia kitu cha mwisho kinachoafikiana nalo, hata wahusika waridhike kwamba halikupungukiwa. Watu wakila chakula kizuri, kisha ikaletwa kahawa, Mwingereza husema: "We rounded off the meal with coffee." Yaani, tulikihitimisha chakula kwa kahawa. Kwa hakika chakula kilikuwa kimekwisha hata kabla ya kahawa. Sahani zilikuwa tupu na walaji walikuwa wameshiba. Kahawa haikuja kuondoa njaa, ilikuja kukitimiza kikao.

Picha iliyomo ndani ya kitenzi hiki inaonekana vyema katika karakana ya seremala. Meza inaweza kuwa imekwisha kuunganishwa, miguu imesimama na ubao wa juu umekaa sawasawa, lakini pembe zake zingali kali na zinaweza kumwumiza mtoto. Fundi mwema huchukua randa na msasa akazipunguza pembe hizo mpaka zikawa za mviringo. Kazi hiyo nayo kwa Kiingereza huitwa "rounding off the corners". Meza haikuongezwa mguu wala droo, lakini sasa ndiyo imetimia. Hotuba, safari, somo, msimu wa michezo na hata maisha ya kazini huweza kusawazishwa pembe kwa namna hiyo hiyo.

Ndiyo maana kitenzi hiki hupenda kufuatana na maneno ya aina fulani: "a meal", chakula, "an evening", jioni ya watu waliokutana, "a visit", ziara, "a speech", hotuba, "a season", msimu, "a career", maisha ya kazi. Yote hayo ni mambo yenye mwanzo, katikati na mwisho.

Asili ya maneno yenyewe

Neno "round", lenye maana ya mviringo, liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililipata katika neno la Kilatini "rotundus". Neno "off" ni la Kiingereza chenyewe, na hapo kale halikutenganishwa na neno "of". Yalikuwa neno moja lililotamkwa kwa uzito tofauti, kisha likagawanyika kuwa mawili.

Vitenzi vinavyoundwa kwa kuunganisha kitenzi cha kawaida na kijineno kama "off", "up" au "out" vimewasumbua wageni tangu zamani. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri mjini London mwaka 1755, alionya katika dibaji kwamba aina hii ya maneno ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa kupita nyingine. Jina "phrasal verb", ambalo ndilo linalotumika katika vitabu vya kufundishia leo, lilipata kuenea baada ya mwandishi Logan Pearsall Smith kulitumia katika kitabu chake "Words and Idioms" cha mwaka 1925. Mwenyewe alieleza kuwa jina hilo alipendekezewa na Henry Bradley, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Kwa msemaji wa Kiswahili, njia rahisi ya kuvielewa vitenzi hivi ni kuvilinganisha na mnyambuliko. Kiswahili hubadili maana kwa kuongeza kiambishi ndani ya kitenzi: maliza, malizia, malizika, malizana. Kiingereza kwa kawaida hakina viambishi vya namna hiyo, hivyo huweka kijineno nje, baada ya kitenzi. Mwanafunzi akikitazama kijineno "off" kama kiambishi kilichojitenga na mzizi wake, hatashangaa kuona kwamba "round" peke yake na "round off" ni vitenzi viwili tofauti. Kuviweka pamoja katika kumbukumbu ni muhimu kama ilivyo muhimu kutochanganya maliza na malizana.

Masharti matatu

Kitenzi "round off" hakifai kila mahali penye mwisho. Ili kitumike vizuri yanatakiwa mambo matatu: pawepo jambo zima lililotangulia, kiwepo kitu cha mwisho kinacholingana nalo, na kitu hicho kiwe kinaongeza ukamilifu badala ya kukata jambo katikati. Mfano unaoeleweka kwa wepesi unapatikana katika mbio za marathoni za michezo ya Olimpiki.

Kwa miaka mingi marathoni ya wanaume ilifanywa siku ya mwisho ya michezo hiyo. Mjini Beijing, tarehe 24 Agosti 2008, Mkenya Samuel Wanjiru alishinda mbio hizo kwa muda wa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, ikiwa rekodi mpya ya Olimpiki. Kabla ya siku hiyo Kenya ilikuwa imekwisha kupata dhahabu kwa mikono ya Pamela Jelimo, Brimin Kipruto, Wilfred Bungei na Nancy Lang'at. Kwa hiyo ilikuwa sahihi kabisa kusema: "Wanjiru's victory rounded off a fine Olympics for Kenya." Palikuwa na mafanikio yaliyotangulia, na ushindi wa Wanjiru uliyatia taji.

Miaka 4 baadaye, mjini London, tarehe 12 Agosti 2012, Stephen Kiprotich wa Uganda alishinda marathoni hiyo hiyo ya siku ya mwisho. Furaha ilikuwa kubwa, kwani Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua aliposhinda mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972. Hata hivyo, mtu akisema "Kiprotich's gold rounded off Uganda's medals" atakuwa amekosea, maana hapakuwa na medali nyingine yoyote ya Uganda katika michezo ile. Dhahabu ya Kiprotich ilikuwa ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho. Pasipo na jambo lililotangulia, hapana cha kuzungushia duara.

Mfano wa 3 unatoka Paris mwaka 2024, ambapo safari hii ni marathoni ya wanawake iliyowekwa siku ya mwisho. Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayekimbilia Uholanzi, alikuwa amekwisha kupata shaba katika mita 5,000 na shaba nyingine katika mita 10,000. Siku ya mwisho akatwaa dhahabu ya marathoni. Hapa sentensi hii inakaa vizuri: "Hassan rounded off her Games with gold." Michezo yake ilikuwa na mwanzo na katikati, na mwisho wake ulipita yote yaliyotangulia.

Sarufi

Kitenzi hiki ni cha kawaida katika mabadiliko ya nyakati: "round off", "rounded off", "rounding off". Nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo ni "rounds off".

Kwa kawaida hufuatwa na shamirisho, yaani kitu kinachotendwa. Shamirisho likiwa nomino, laweza kukaa baada ya kijineno au kabla yake bila kubadili maana:

"They rounded off the ceremony with a prayer."
"They rounded the ceremony off with a prayer."

Sentensi zote mbili zina maana kwamba sherehe ilihitimishwa kwa dua. Lakini shamirisho likiwa kiwakilishi kama "it" au "them", halina budi kukaa katikati:

"They rounded it off with a prayer."

Kusema "They rounded off it" ni kosa, nalo ni kosa linalosikika mara nyingi kwa wageni. Wanaozungumza Kiswahili wana sababu ya kulikumbuka sharti hili kwa urahisi, kwa kuwa katika Kiswahili nacho kiwakilishi cha mtendwa huingia katikati ya kitenzi: walihitimisha sherehe, lakini waliihitimisha.

Kitu cha mwisho chenyewe huletwa kwa njia mbili. Kikiwa nomino hutanguliwa na "with": "round off the lesson with a song", kuhitimisha somo kwa wimbo. Kikiwa ni kitendo hutanguliwa na "by", na kitenzi kinachofuata huchukua umbo lenye "-ing": "She rounded off her speech by thanking the parents", alihitimisha hotuba yake kwa kuwashukuru wazazi. Kosa la kuliepuka hapa ni kusema "rounded off to thank", kwa kudhani kwamba "to" ndiyo "kwa" ya Kiswahili.

Kauli ya kutendwa nayo hutumika sana: "The day was rounded off with fireworks." Siku ilihitimishwa kwa fataki. Kuna pia matumizi yasiyo na shamirisho, hasa katika hotuba, pale msemaji anapotangaza kwamba amekaribia kumaliza: "To round off, let me repeat one point." Maana yake: kwa kuhitimisha, nirudie jambo moja.

Matamshi

Mkazo katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo humfanya Mswahili atie nguvu katika "round" na kukipuuza kijineno. Katika Kiingereza kijineno cha vitenzi vya aina hii kwa kawaida hupewa uzito, hasa kikiwa mwishoni. "Round it off" hutamkwa kwa kuunganisha, kama "raun-di-TOF", na sauti ya nguvu iko mwisho.

Umbo la wakati uliopita, "rounded", lina silabi mbili, "raun-did", kwa sababu mzizi wake unaishia kwa "d". Mwanafunzi asilimeze hilo "-ed" la mwisho, kwa sababu msikilizaji hulitegemea kujua kwamba jambo limekwisha kutendeka.

Vitenzi vinavyofanana nacho

Hatari kubwa si kutokijua kitenzi "round off", bali kukichanganya na jirani zake.

"Finish off" ni kumaliza sehemu iliyobaki. Mtu huweza "finish off a report", kumalizia ripoti, au "finish off the rice", kumalizia wali uliobaki. Lakini shamirisho likiwa mtu au mnyama, maana huwa ni kuua au kuangamiza. Kiswahili nacho kina matumizi kama hayo. "Wameimaliza kazi" ni habari njema, "wamemmaliza" ni habari ya msiba. Mfanyakazi yule wa nyumba ya wazee angeandika kwa usalama zaidi: "I finished washing and dressing the patient in room 4." Wala "round off" isingemfaa, kwa sababu mtu hazungushiwi duara, huzungushiwa jambo.

"End up" ni kuishia mahali au katika hali ambayo haikupangwa. "He wanted to be a pilot but ended up driving a bus." Alitaka kuwa rubani, akaishia kuendesha basi. Katika "round off" mara nyingi mna kusudi, katika "end up" mna bahati au majaliwa.

"Wrap up" ni kufunga shughuli, nayo hutumika sana mikutanoni: "Let's wrap up." Haisemi kama mwisho ni mzuri au mbaya, inasema kwamba muda umekwisha. Nchini Uingereza wakati wa baridi neno hilo hilo huwa na maana ya kuvaa nguo nzito, kwa hiyo "Wrap up warm!" si amri ya kufunga kikao.

"Wind up" yaweza kuwa na maana ya kuhitimisha mazungumzo, lakini katika sheria za biashara ni kuivunja kampuni na kugawa mali yake ili kulipa madeni. Barua ya kazini ikiwa na maneno "the company will be wound up", msomaji asidhani kwamba mwaka unafungwa kwa tafrija. Kazi yenyewe ndiyo inayofikia kikomo. "Wound" hapa hutamkwa "waund", tofauti na neno lenye maana ya jeraha, ambalo hutamkwa "wuund" ingawa huandikwa vivyo hivyo.

"Top off" na "cap off" ndizo zilizo karibu zaidi na "round off" kwa maana, na husikika sana nchini Marekani. "They capped off the season with a win." Walihitimisha msimu kwa ushindi. Tofauti ni kwamba picha yake ni ya kilele au kofia: kitu cha mwisho kimewekwa juu ya vingine na aghalabu kinavipita. Wamarekani hutumia pia "top off" kwa kuongeza mafuta mpaka tangi lifurike pomoni. Waingereza nao wana "top up", ya kuongeza salio la simu.

"Polish off" ni kumaliza kitu chote kwa haraka, hasa chakula. "The children polished off the mandazi." Watoto walifagia mandazi yote.

"Round up" ndiyo inayochanganywa zaidi na "round off" kwa kuwa zinafanana kwa sura. Maana yake ni kukusanya vitu au viumbe vilivyotawanyika: mchungaji hukusanya ng'ombe, polisi huwakamata watuhumiwa kwa pamoja. Nomino yake, "round-up", hutumika redioni kwa muhtasari wa habari. Mwenyekiti akisema kwa bahati mbaya "Let us round up the guests", amewaswaga wageni kama mifugo.

Maana ya hesabu

"Round off" ina maana nyingine katika hesabu, nayo ni kuikaribisha namba kwenye kumi, mia au elfu iliyo karibu ili iwe rahisi kusemwa. Namba 4,768 ikikaribishwa kwenye mia iliyo karibu huwa 4,800. Ikikaribishwa kwenye elfu huwa 5,000. Kupandisha namba huitwa "round up" na kuishusha huitwa "round down".

Maana hii inawahusu wote wanaopokea mishahara au kutuma fedha nyumbani. Mkataba ukieleza kwamba saa za kazi zitakuwa "rounded down to the nearest quarter of an hour", maana yake ni kwamba dakika zinazozidi kila robo saa hazitahesabiwa. Aliyefanya kazi saa 8 na dakika 14 atalipwa saa 8 tu. Ukikuta "rounded to the nearest quarter", bila neno "down" wala "up", dakika hizo 14 zitapandishwa na kuwa 15. Kijineno kidogo hapa kina thamani ya fedha.

Matumizi ya kejeli

Kwa kuwa kitenzi hiki huleta matarajio ya mwisho mwema, Waingereza hupenda kukigeuza kwa kejeli. Mtu aliyepoteza pochi Jumatatu na kuugua Jumatano huweza kusema: "And to round off the week, the boiler broke down." Na kwa kuikamilisha wiki, mtambo wa kupasha nyumba joto ukaharibika. Hakuna furaha katika maneno hayo. Msemaji anacheka balaa lake. Mgeni akijibu kwa pongezi atakuwa ameteleza. Dalili ya kejeli huwa katika mambo yaliyotangulia: yakiwa mabaya yote, basi mwisho nao haukusifiwa.

Kukitafsiri kwa Kiswahili

Hakuna neno moja la Kiswahili linalokidhi kila matumizi ya "round off", lakini mengi yanakaribia. "Hitimisha" hufaa kwa hotuba, somo na sherehe. "Kamilisha" hufaa pale penye pengo lililozibwa. "Malizia" hufaa kwa kitu kidogo cha mwisho, kama katika "walimalizia kwa kahawa". "Tia tamati" hufaa kwa maandishi na mashairi.

Fikra yenyewe si ngeni kwa Waswahili. Watunzi wa tenzi za zamani hawakuziachia kazi zao zikatike ghafla. Mwishoni walizoea kuomba dua, na wengi walitaja majina yao, tarehe ya utungaji na idadi ya beti. Hayo hayakuwa sehemu ya kisa, lakini utenzi usio nayo ulionekana umekatika mkia. Katika msemo wa mitaani husemwa kwamba aliyekula ng'ombe mzima hashindwi na mkia.

Wanaoishi Oman na kwingineko katika Ghuba wanao mfano mwingine karibu nao. Baada ya halua na kahawa, mwenyeji huleta chetezo cha udi, na kila mgeni hufahamu kwamba kikao kimefika ukingoni. Wenyeji wa huko husema kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Akitakiwa kumweleza desturi hiyo mgeni wa Kiingereza, Mswahili anaweza kusema: "The host rounds off the visit with incense." Masharti yote matatu yametimia: ziara imekuwapo, udi unaafikiana nayo, na wageni huondoka wakinukia badala ya kuondoka wamefukuzwa.

Katika usaili na hotuba

Kitenzi hiki ni cha lugha ya heshima ya kawaida: si cha mitaani, wala si cha mahakamani. Hufaa katika mazungumzo, barua kwa rafiki, habari za michezo na hotuba. Katika tasnifu ya chuo au hati rasmi, "conclude" huwa salama zaidi.

Katika usaili wa kazi, mwulizaji akisema "Would you like to round off by telling us why you want this job?", hahitaji historia mpya. Anataka sentensi mbili au tatu zinazoyaunganisha yote yaliyokwisha kusemwa. Anayeanza hapo kusimulia shule aliyosoma utotoni amekosa kulisikia neno lenyewe. Jibu linalofaa hurudi kwenye jambo la kwanza alilolisema na kulifunga.

Kwa kazi ndogo za kila siku kitenzi hiki hakitakiwi. Mtu hasemi "I rounded off my homework at five" kwa maana ya kwamba aliimaliza saa 11 jioni. Hapo "finished" inatosha.

Zoezi

Jaza nafasi kwa kuchagua mojawapo ya maneno haya: "rounded off", "round it off", "ended up", "polished off", "wound up".

1. The choir ______ the concert with an old hymn.
2. We took the wrong bus and ______ in Croydon.
3. Your speech is good, but you should ______ with a word of thanks.
4. The dog has ______ the whole cake.
5. The court ordered the company to be ______.

Majibu

1. "Rounded off": kwaya ilihitimisha tamasha kwa wimbo wa zamani wa kanisani.
2. "Ended up": basi halikuwa lao, wakaishia Croydon bila kukusudia.
3. "Round it off": kiwakilishi "it" kimekaa katikati, nacho kinasimama badala ya hotuba.
4. "Polished off": mbwa amemaliza keki yote, na hapana aliyeridhika isipokuwa yeye.
5. "Wound up": mahakama iliamuru kampuni ivunjwe.